Baba, Koti Lake na Stesheni Tatu za Mwanza

Tangu nirudi Tabora siwezi kununua hata nyanya bila mtu kunishika mkono na kuniuliza, "Ehe, Edina, ikawaje huko Mwanza?" Nimesimulia sokoni, nimesimulia kwenye mazoezi ya kwaya, nimesimulia saluni nikiwa na povu kichwani. Na kila nikisimulia, kuna mtu ananiambia nimeruka kitu. Basi leo nimekaa chini, naandika yote. Mkimaliza kusoma mpeane, mimi niachwe ninunue nyanya zangu.

Kwa asiyemjua baba yangu: ni mwalimu mstaafu, na ni mgane. Mama yetu alifariki miaka kadhaa iliyopita. Mwaka jana, kwenye harusi ya binti wa jirani yetu, Baba aliketishwa meza moja na wageni wa upande wa bwana harusi waliotoka Bunda. Mshereheshaji akakosea Kiswahili, Baba akamsahihisha kwa sauti ya darasani. Meza nzima ikainamisha vichwa kwa aibu, isipokuwa mama mmoja aliyecheka mpaka akamwaga soda. Huyo ndiye Mama Perusi. Tangu siku ile simu ya Baba haikupumzika.

Sasa alikuwa anakwenda Mwanza kuonana naye na kutambulishwa kwa kaka yake, anayeishi Buswelu. Sisi watoto tukakubaliana kwamba mzee asisafiri peke yake. Kaka yangu mkubwa akasema niende kumsaidia mizigo. Mizigo yenyewe ilikuwa begi moja na ndoo ya asali. Kazi yangu hasa ilikuwa kumwangalia huyo mama na kuleta taarifa nyumbani, na sitawaficha, nilipanda treni nikiwa nimeshaamua kwamba simtaki.

Ambalo sikulijua ni kwamba Baba hakumwambia Mama Perusi kuwa nakuja. Alimwambia anakuja peke yake, kama mwanaume.

Kwenye treni mpaka Fela

Kulikucha tukiwa tumeshaipita Shinyanga. Mbele yetu alikaa Mama Tausi, mfanyabiashara wa mchele, mama mnene mchangamfu mwenye sauti ya kuitia wateja. Kufikia Malampaka alikuwa anajua majina ya ndugu zangu wote, na Baba alikuwa ameshamsahihisha mara tatu.

Baba alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyoshonewa kwa ajili ya safari hii. Ili koti lisijikunje, alilivua akalitundika kwenye ndoano ya dirishani, simu ikiwa kwenye mfuko wa ndani. Kila baada ya muda alinyoosha mkono akalipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Tulipofika Fela, stesheni iliyo nje ya jiji kabla ya kuingia Mwanza, treni ikasimama na isiondoke tena.

"Mvua ya alfajiri imepitisha maji juu ya reli huko mbele," mhudumu wa behewa akatutangazia. "Mafundi wanakagua. Tukipata ruhusa tunaondoka."

"Ruhusa inatoka saa ngapi?" Baba akauliza.

"Ikitoka, mzee."

Wanawake wakaja madirishani na mabeseni ya mahindi ya kuchemsha, karanga na michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa. "Mwangaluka!" wakasalimia. Baba akaitikia kwa Kinyamwezi chake, wakacheka lafudhi yake, wakamwongezea karanga za kucheka. Tukala. Tukamaliza. Treni ikawa ipo palepale. Wanaume walishuka wakanyoosha miguu, kisha wakalala chini ya miti, na hiyo ndiyo ilimtia Baba wasiwasi. Treni ambayo abiria wake wamelala chini ya miti haina haraka.

"Edina, tushuke," akasema. "Tutafute usafiri wa barabarani."

"Baba, tukishuka itaondoka."

"Mama wa watu yuko stesheni ananisubiri. Hawezi kukaa pale kama kifurushi. Na Mwanza naijua mimi. Nimesoma chuo huku."

"Wakati huo hata mimi sijazaliwa."

"Ndiyo maana nakwambia unifuate."

Tukashuka. Mama Tausi akatupitishia ndoo dirishani. "Haya, msichana, shika ndoo ya watu!" Jamani, mimi nina mtoto yuko chuo kikuu. Kuitwa msichana mbele ya behewa zima kulinipa raha kiasi kwamba sikuinua macho kuangalia kilichobaki kwenye ndoano.

Bodaboda, Fela mpaka Usagara

Baba hajawahi kupanda bodaboda. Kwetu aliwahi hata kukemea habari zao kanisani. Lakini kutoka pale stesheni mpaka barabara kuu hapakuwa na kitu kingine, na jua lilikuwa linapanda. Alimzunguka yule dereva na pikipiki yake kama anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Bwana," akamwambia, "endesha kama umebeba mitihani ya taifa."

"Sawa, mwalimu," dereva akajibu, na sijui alijuaje kuwa ni mwalimu.

Mimi nilipanda pikipiki ya nyuma na begi. Yeye aliiweka ndoo kati yake na dereva, akaikumbatia. Barabara ile ina mashimo, na kila shimo nilimwona Baba akipaa kidogo na kurudi. Tulipofika Usagara alishuka akiwa amenyooka kama bendera, akasema usafiri ule si mbaya kama wanavyosema watu. Mfuniko wa ndoo ulikuwa umelegea. Asali ilikuwa imeshuka pole pole kwenye suruali yake ya kijivu, kuanzia mapajani mpaka kwenye soksi.

"Ngoja nimpigie nimwambie tunakaribia," akasema, akapeleka mkono kifuani. Mkono ukagusa shati. Akagusa upande wa pili. Kisha akaniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, macho ya mwanafunzi aliyesahau daftari nyumbani.

"Koti," akasema.

Usagara, ndani ya gari la "sasa hivi"

Konda wa Hiace alituapia kwamba anaondoka sasa hivi. Ndani kulikuwa na abiria wamekaa vizuri, nusu ya gari, wote wakitazama mbele kama watu wa safari. Tulipokaa tu, watatu wakashuka. Baadaye kidogo, wengine wawili. Nikaelewa kwamba wale walikuwa wamewekwa kujaza viti ili wageni kama sisi tudanganyike. Tukabaki mimi, Baba, ndoo, na bibi mmoja mwenye fagio jipya.

"Mmesema mnaondoka," nikamwambia konda.

"Dada, kwani sisi tumelala hapa? Tunaondoka."

Simu yangu ilikuwa imezima tangu usiku. Namba ya Mama Perusi siijui, maana Baba aliificha kama siri ya serikali. Lakini namba ya Baba naijua kwa kichwa, na simu ya Baba ilikuwa ndani ya koti, na koti lilikuwa mbele ya Mama Tausi. Nikamwomba konda simu yake, nikapiga.

Inatumika.

"Inatumikaje wakati mimi nipo hapa?" Baba akauliza.

Nikarudia mara kadhaa mpaka ikapokelewa. "Halo!" ilikuwa ile sauti ya kuitia wateja. "Nani mwenzangu?"

"Mama Tausi, ni Edina. Koti la Baba..."

"Ninalo mimi, msiwe na wasiwasi! Tena kuna mama mmoja amepiga anamuulizia mzee. Nimemweleza vizuri tu."

"Umemwelezaje?"

"Nimemwambia mzee kateremka Fela na msichana, wamepanda pikipiki, na koti kaniachia mimi. Akauliza, wewe ni nani? Nikamwambia, mimi nimelala naye behewa moja tangu Tabora. Mara akakata. Mtandao wa huku mbaya sana."

Nikataka kumwambia ampigie yule mama tena, lakini simu ikakatika. Nilipopiga mara nyingine, haikupatikana, chaji imekwisha.

Sikujua nimwelezeje Baba. Nikamwambia yote, neno kwa neno, kwa sababu hakuna namna ya kulipunguza jambo kama lile. Alikaza mfuniko wa ndoo. Kisha akasema, "Kiswahili chake hakina kosa hata moja. Kila sentensi ni ya kweli."

"Sasa Baba, kwani si anajua kwamba nimekuja?"

Hapo ndipo aliponiambia kwamba hajui.

Bibi mwenye fagio, ambaye alikuwa anasikiliza bila kujificha, akageuka akamgongea konda kwenye bati. "Wewe! Ondoa gari. Kuna mtu anaachwa hapa." Na amini msiamini, gari likaondoka.

Kwenye makutano ya barabara na reli

Tukaipita Buhongwa, tukaipita Nyegezi, watu wakipanda na kushuka, Baba akitazama dirishani na kunionyesha mahali ambapo zamani palikuwa na kitu fulani na sasa pana kingine. Tukiwa tunakaribia mjini, gari likasimama. Mbele yetu barabara inakatiza reli, na mtu alikuwa amesimama katikati na bendera nyekundu.

Ilikuja pole pole, ikipiga honi. Treni yetu. Sikuhitaji kusoma chochote. Nililijua hata pazia lililochanika la behewa letu. Wale wanaume waliokuwa wamelala chini ya miti walikuwa madirishani, wameburudika, wanakula mahindi.

Baba akasimama, akagonga kichwa kwenye paa, akafungua mlango akateremka. Alisimama barabarani katikati ya magari na suruali yake ya asali, mikono juu, kama anayesimamisha mbio za darasa la pili. Mama Tausi akamwona. Akalishika koti kwa mikono miwili akalipepea nje ya dirisha.

"Mwalimu! Nitampa mwenyewe!"

"Mwenyewe ni mimi!" Baba akapiga kelele.

Behewa likapita. Likaja la nyuma yake, na la nyuma yake, na mwenye bendera akaikunja bendera yake.

Stesheni ya pili

Aliporudi kwenye kiti nilidhani atakuwa mpole. Wapi. Alimwambia konda, "Tushushe stesheni ile ya bandarini."

"Stesheni ya Kusini?"

"Hiyo hiyo. Treni inaishia pale."

"Baba, una uhakika?"

"Edina."

Tukashushwa. Ni kweli ilikuwa stesheni, na ni kweli ilikuwa bandarini. Ziwa lilikuwa palepale, linang'aa. Reli zilikuwepo nyingi. Kitu ambacho hakikuwepo ni watu. Makontena yalipangwa juu ya makontena, na getini alikaa mlinzi, mama mmoja mwenye sare na viatu vizito.

"Karibuni," akasema. "Mnapokea au mnatuma?"

"Tunapokea," Baba akajibu.

"Mnapokea nini?"

Baba ni mtu ambaye hawezi kujibu swali la ana kwa ana kwa uongo. "Mchumba," akasema.

Yule mama akamtazama usoni, akashuka na suruali mpaka kwenye soksi, akarudi usoni. "Mzee wangu, hapa tunapokea saruji, mafuta na makontena. Wachumba wanashukia stesheni ya mjini."

Hapo nyuki wakafika. Sijui walitoka wapi katikati ya vyuma vile, lakini walikuja wawili, wakaja watano, wakaanza kumzunguka Baba miguuni. Baba akaanza kucheza mchezo ambao haumo kwenye ngoma yoyote ya Kinyamwezi. Mlinzi akakimbia akaleta ndoo ya maji, akamwagia kuanzia kiunoni kwenda chini. Nyuki wakaondoka. Baba akabaki amesimama anachuruzika, bila koti, bila simu, mwanaume aliyekuja kuoa.

Nilicheka. Mlinzi akacheka. Halafu nikamwona Baba hacheki, nikanyamaza.

Mlinzi naye aliona. Akapiga mluzi kuita bajaji iliyokuwa barabarani. "Wapeleke stesheni ya abiria," akamwambia dereva. "Kimbia, humu kuna ndoa."

"Mala moja tu, mzee," dereva akasema. "Usiogope."

Ndani ya bajaji Baba alikaa akitazama maji ya ziwa upande wa kushoto na yale majabali makubwa yaliyokaa juu ya nyumba za watu. Kisha akasema polepole, bila kunigeukia, "Tukimkosa, nyumbani waambie tu hatukuelewana. Usiwaeleze haya mengine." Akapangusa goti lililolowa. "Labda mambo haya yalikuwa ya wakati wangu ule, siyo huu."

Mimi niliyetumwa kwenda kumkagua huyo mama, mimi niliyeshaamua, nikajikuta nimeinama mbele nampigia dereva kelele. "Kaka, hakuna njia nyingine? Mbona unawapisha wote?" Alikata kona akatupitisha Mirongo, katikati ya wauza mitumba, akipiga honi bila kuachia, na mimi nimetoa kichwa nje nikiwaomba watu samahani kwa niaba ya wote.

Stesheni yenyewe

Abiria walikuwa wameshatawanyika. Walibaki wabeba mizigo wawili, paka, na wanawake wawili kwenye benchi. Mmoja alikuwa Mama Tausi, anakula embe. Wa pili alikuwa mama mrefu, mwenye miwani na gauni la kitenge cha bluu, na mapajani mwake lilikuwa koti la kijivu limekunjwa kwa unadhifu.

Hakuinuka. "Karibu Mwanza, Mwalimu," akasema. "Suruali imekuwaje?"

"Asali," Baba akasema. "Halafu nyuki. Halafu maji."

"Na msichana?"

Nikapiga goti palepale. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye msichana wa Fela?"

"Ndiye mimi, mama. Ni binti yake, wa tatu kuzaliwa. Mwanangu wa kwanza yuko chuo kikuu."

Akamgeukia Mama Tausi. "Wewe ulisema msichana."

"Kwangu mimi asiye na mvi ni msichana," Mama Tausi akajibu, na embe mdomoni.

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Kwa nini hukuniambia unakuja na binti yako? Nimekaa hapa nimeaibika, Mwalimu. Mimi mtu mzima, namsubiri mwanaume, nasikia ana mwanamke mmoja kwenye behewa na mwingine kwenye pikipiki."

Baba alisimama mbele yake mikono nyuma, vile alivyozoea kusimamisha watoto wa watu. "Niliona haya," akasema. "Ungesema mzee huyu hawezi hata kusafiri bila kushikwa mkono."

"Na kweli huwezi. Umeteremka Fela."

Nikasikia hata paka akijilamba. Kisha mdomo wa Mama Perusi ukaanza kucheza pembeni. Aligeuza kichwa akaita, "Kaka! Toka huko nyuma, jamaa wenyewe wamekuja wawili."

Nyuma ya nguzo akatokea baba mmoja mfupi mwenye kofia, anaburuta sanduku la safari lililokuwa jepesi mno kwa sanduku lenye nguo. Alikuwa kaka yake, Mzee Mafuru, yule ambaye alipaswa kuwa Buswelu anatungoja mezani. Muda wote alijifanya abiria, anamchungulia Baba.

"Na mimi nilikuambia nakuja stesheni peke yangu," Mama Perusi akasema, na hapo kicheko kikamshinda. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, mpaka wabeba mizigo wakaja kuangalia, mpaka Baba naye akaanza, na Baba akicheka hana sauti, anatoa machozi tu. Mzee Mafuru alimpa Baba mkono, akaugundua unanata, akauangalia, akalamba kidole. "Asali nzuri," akasema.

Buswelu

Tulikula sato wa mchuzi na ugali wa muhogo, ule mweusi unaovutika, ambao mimi niliuogopa kwa tonge la kwanza na kuufukuzia kwa mengine yote. Mama Tausi alikuja naye. Hakuna aliyemwalika na hakuna aliyeona ajabu. Baba alikaa mezani kwa suti kutoka kiunoni kwenda juu, na kanga ya Mama Perusi kutoka kiunoni kwenda chini, suruali ikiwa kwenye kamba. Akiwa hivyo ndivyo alivyoomba kuoa. Mzee Mafuru akasema walete wazee baada ya mavuno, na kwa sababu hakuweza kumkatalia mtu aliyevaa kanga ya dada yake, tukahesabu jambo limekwisha.

Kaka yangu alipiga nilipopata chaji. "Ehe, umemwonaje? Tumruhusu?"

"Kaka, umechelewa," nikamwambia. "Mimi nimeshamkimbilia kwa bajaji."

Jioni niliingia jikoni kusaidia vyombo. Mama Perusi anaosha, mimi nasuuza. Tukaongea habari za bei ya mchele, habari za watoto. Halafu, bila kuniangalia, akauliza, "Mama yenu aliitwa nani?"

"Foibe."

"Foibe," akarudia taratibu. "Nieleze habari zake. Nikimuuliza baba yako anahamia kwenye habari za hali ya hewa, halafu namsikia anapenga kamasi."

Sikujua kwamba Baba hulia. Na tangu tuanue matanga hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu husema pole, wanapita. Nikaanza kumweleza: jinsi Mama alivyoimba vibaya na kwa sauti kubwa kuliko kwaya nzima, jinsi alivyoficha chapati za mwisho ndani ya pipa la unga na kumsingizia panya, jinsi alivyomwita Baba "Mwalimu" hata kitandani anaumwa. Nilieleza mpaka maji ya kuoshea yakapoa, na yeye hakunikatiza hata mara moja. Alikuwa ameshika sahani moja tu muda wote.

Nilipomaliza akaipangusa, akaiweka. "Basi sikiliza, mwanangu," akasema. "Kiti chake sitakikalia. Nitakuja na changu kutoka Bunda."

Nikamwambia alete viwili, ili nikija kuwasalimia nipate pa kukaa.